Kozi Tatu Chini ya Linta

Dada yangu mpendwa,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba mama sasa anaweza kukaa nje bila kushikiliwa. Mimi nipo. Mgongo unauma na viganja vimeliwa na saruji hata kushika kalamu ni kazi, lakini ninakula na ninalala. Usicheke mwandiko, unajua shule niliiachia wapi.

Barua yako niliipata. Umeniomba, kwa kuwa niko karibu na halmashauri, nikaulize kwa nini zahanati yetu imerukwa kwenye mgao wa mabati. Umesema kina mama wamebeba mawe kutoka mtoni miaka miwili, na sasa mvua inazila kuta kwa kukosa paa. Umesema mke wa fundi baiskeli, aliyempoteza mtoto njiani mwaka jana, ana mimba nyingine na alikuwa amejipa moyo kwamba atajifungulia pale. Sehemu hiyo niliirudia mara nyingi.

Nilikwenda. Niliomba ruhusa ya siku moja, nikaoga, nikavaa lile shati alilonipa shemeji. Nilikaa kwenye benchi lao tangu asubuhi, wakatoka kwenda kula, wakarudi, mimi nipo tu. Afisa mipango ni mtu mpole, sina la kumlaumu. Aliniita mzee, ingawa tunalingana umri. Alinieleza kwamba fungu la maendeleo linaloletwa na serikali kuu ni dogo na kata ni nyingi, hivyo madiwani walikubaliana kanuni moja: wananchi wapandishe kuta wenyewe hadi linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, ndipo halmashauri iezeke. Atakayekutwa amefika linta siku ya ukaguzi ndiye anayepewa.

Nikamuuliza kama kanuni inaangalia jengo ni la nini. Akasema hapana, inaangalia linta. Akafungua faili akanionyesha: kata yetu, zahanati, pungufu kozi tatu, yaani mistari mitatu ya matofali. Chini yake, kata nyingine, ukumbi wa mikutano, umefika. Nikamwambia wangekuja wiki mbili baadaye wangekuta kozi zote. Akakubali. Akasema hata yeye alikuwa amepanga mwisho wa mwezi, ila mwenyekiti wa kamati ya fedha alitaka ukaguzi uharakishwe.

Mwenyekiti huyo ndiye diwani wa huku ninakofanya kibarua. Na ukumbi ule, dada, ndio ninaoujenga.

Usidhani wananchi wa huku walijitolea. Walijitolea kwenye karatasi tu. Tuliojenga ni sisi vibarua. Msimamizi wetu tunamwita Nusu Mfuko, kwa sababu panapotaka mfuko mzima wa saruji yeye hutia nusu, na ukimwita hivyo anaitika. Kuta tulizipandisha kwa udongo, mbiombio, tukazipaka saruji kwa nje. Fundi mmoja alisema siku diwani akipigiwa makofi humu ndani, jengo litalala chini. Tulicheka wote, nami nikiwemo.

Sasa nifike panaponichoma. Barua yako ya kabla ya hii, ile ya furaha, kwamba mmebakiza kozi tatu na mnangoja mchanga tu, niliisoma kwa sauti wakati wa kula. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba kwetu hata timazi ya kunyooshea ukuta hatuijui, nikawajibu kwamba dada yangu ndiye mkuu wa ujenzi, na kina mama wake wanawatoa jasho wanaume wa kulipwa. Nilikuwa najisifu, basi. Lakini baada ya kazi Nusu Mfuko alinivuta pembeni. Akaniita fundi, mimi ambaye miaka yote ni saidia fundi. Akauliza ni kozi ngapi hasa, na mchanga utafika lini.

Nilijua kwa nini anauliza. Mimi si mjinga kiasi hicho. Nikamwambia kozi ni tatu, na mchanga ni baada ya wiki mbili. Siku ya sita wakaguzi wakaja kwenu. Aliniahidi kazi ya kupaua, na ahadi ameitimiza. Yale mabati mnayoyalilia ninayapigilia misumari mimi.

Nilikuandikia kwanza kwamba nimeuliza na sikupata jibu. Barua hiyo nimeichana.

Funikeni kuta kwa nailoni, muikandamize kwa mawe, maana majani hayatazuia mvua hii. Mke wa fundi baiskeli asingoje jengo. Mwambie ahamie karibu na hospitali mapema, tumbo likiwa bado jepesi. Na mkianza tena kupandisha, dada, usiniandikie zimebaki kozi ngapi.

Nisalimie mama na shemeji, na watoto wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Kina mama waliobeba mawe usiwape salamu zangu kabla hujawasomea barua hii yote. Wakiisha kusikia, wao ndio waseme kama wanazipokea.

Ni mimi,
mdogo wako