Nyasi za Konani kwa Leif

Kaka yangu Halvor,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Arizona, pamoja na wifi Maren na watoto. Huku hatujambo, ila mimi situlii. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara kadhaa kuchungulia dirishani kama theluji imeanza.

Mama ana afya, na kazi yake ni ileile. Kila theluji ikiyeyuka huenda konani, pale gari la mdogo wetu Leif lilipoteleza kwenye barafu akafa, kupanda nyasi kuzunguka msalaba tuliomwekea hapo. Mwaka huu pia zilikauka, rangi ya majivu, ilhali hatua chache kutoka barabarani majani yalikuwa mabichi kabisa. Mzee Nygaard alisimamisha gari akamtania, "Gudrun, hapo panda samaki, chumvi ya barabarani tayari imo!" Mama alicheka, akaendelea kupiga jembe.

Basi mwezi wa kumi wakubwa wa kaunti wakaitisha mkutano. Walisema chumvi wanayomwaga kuyeyusha barafu inaua nyasi na imeanza kuingia visimani, hivyo wataipunguza, waongeze mchanga. Watu wote wakamgeukia Mama, wakidhani atafurahi. Hata mimi nilidhani hivyo. Akasimama, koti hajalivua. "Pale msipunguze," akasema. "Nyasi zikifa nitapanda tena. Mtoto hapandwi."

Hata hivyo walipiga kura, chumvi ikapunguzwa.

Sasa kaka, nikwambie kinachoninyima usingizi. Nimeajiriwa kuendesha lori la chumvi, na kona ile imo kwenye njia yangu. Mama anadhani niko karakana, nashika spana tu. Juzi barabara iliganda, nikaamriwa nimwage kidogo kidogo. Nilipofika pale mkono haukunisikia, nilifungua yote. Chumvi ikamiminika barabarani, ikarukia msalaba na mbegu alizotupia tena Mama kabla ya baridi. Niliendelea kuendesha huku nalia. Mkubwa wangu akijua, kazi sina. Mama akijua, sijui atanikumbatia au atanifukuza na jembe.

Nisalimie wote nyumbani, na wanao uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Nakatisha hapa, maana theluji imeanza na wananiita kwenye lori. Nikifika konani nitafungua yote tena.

Dada yako akupendaye,
Solveig