Mwanao Alijua

Machakos,
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, goti limekupunguzia maumivu, na maji ya kisima hayajaingia chumvi kama mwaka jana. Mwili wangu ni mzima. Baridi ya vilima vya huku imeshuka hadi mjini, na asubuhi nikienda mahakamani huvaa lile koti la marehemu Baba chini ya joho. Linanitosha sasa, ila mikono bado mirefu.

Barua yako niliipokea Alhamisi. Umeniarifu kwamba Bi Zuhura, ambaye mmesalimiana ukuta kwa ukuta tangu sijazaliwa, sasa anapita mlangoni bila kuitika. Umeniarifu pia, katika mstari mmoja mdogo mwishoni, kwamba alikuja kukuuliza iwapo mwanao alijua habari za kaburi la Kyumbi, nawe ukamwapia kwa Mungu kwamba sikujua. Mama, mstari huo mdogo ndio ulionikalisha mezani leo. Nitakueleza mambo kwa utaratibu wake, na nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kunitetea tena.

Unakumbuka kwamba Ami Twahir, kakake Bi Zuhura, ndiye aliyenipokea nilipofika huku na sanduku la bati na shahada ambayo wino wake haujakauka. Nilikaa kwake miaka miwili. Alipotaka kiwanja cha kujenga ghala la mbao pale Kyumbi, njia panda ya kuingilia huku, alimpata mkulima mmoja, Mzee Nzioka, aliyekuwa akiuza kipande cha shamba ili wanawe wasitolewe shuleni. Walipatana wenyewe, wakala mbuzi, kisha wakaja ofisini kwangu wakiwa wameshikana mikono.

"Hatuna ugomvi," alisema Ami. "Wakili mmoja atutosha."

"Wakili wawili ni ya watu wanachukiana," akaongeza Mzee Nzioka.

Ndivyo mauziano mengi yanavyofanywa katika mji huu, na karani wangu alikuwa na fomu tayari. Hata hivyo nilikuwa nimesomeshwa hatari yake, na ningeweza kumpeleka mmoja wao kwa wakili mwingine mtaa wa pili. Sikumpeleka. Ilinipendeza kuaminiwa na wawili kwa mpigo.

Siku ya kuweka kidole, Ami alitia sahihi yake akatoka nje kunisubiri, maana tulikuwa tukale kwake mchana. Mzee Nzioka akabaki kitini.

"Wakili, iko neno moja," alisema. "Ile kona ya juu, karibu na mkonge, mama ya watoto wangu amelala pale. Hiyo mimi siuzi."

Nikamwambia mkataba unasema shamba lote.

"Wacha iseme. Twahiri ni mtu mzuri. Mtu mzuri akiona kaburi hachimbi."

Nikamwambia ni lazima Ami ajulishwe.

"Ukimwambia ataenda kununua kwa mwingine, na watoto yangu watarudi nyumbani. Wewe ni wakili yangu ama si wakili yangu?"

"Ni wakili wako."

"Basi hiyo neno ikae na wewe."

Ilikaa nami, Mama. Nilifunga jalada, nikatoka, nikaenda kula pilau ya Ami Twahir.

Huenda ukashangaa Ami hakuliona vipi kaburi alipolizunguka shamba. Aliliona. Aliona mawe machache yamepangwa, akadhani ni masalio ya ujenzi. Kwetu maiti huzikwa makaburini, wote pamoja. Haikumjia kwamba hapa mtu hulazwa katika shamba lake, hatua chache kutoka mlango aliozoea kutokea. Naye Mzee Nzioka haikumjia kwamba kuna mtu mzima asiyelijua hilo. Katika watu watatu, aliyezielewa desturi zote mbili alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa akilipokea neno la huyu huku akimfichia yule.

Ghala lilipoanza kuchimbiwa msingi, vijana wa Mzee Nzioka walikwenda wakaketi juu ya mawe yale, wakisema mama yao amelala hapo. Ami akaja ofisini asubuhi hiyohiyo.

"Hamisi, andika kesi. Wale vijana wamekaa juu ya msingi wangu kama waliotandikiwa mkeka wa harusi."

"Siwezi, Ami. Niliwaandikia nyote wawili. Nitakupa barua kwa wakili mwingine, na yeye nitampa ya kwake."

"Nyote wawili? Hapa alikupokea nani?"

"Wewe."

"Ulilala kwa nani?"

"Kwako, Ami."

Akanitazama kama anayesoma kibao cha mbali. "Hebu nijibu jambo moja. Ulijua?"

Ningesema ndiyo, ningeivunja siri ya Mzee Nzioka. Ningesema sikujua, ningemdanganya Ami. Nikamwambia, "Siwezi kukujibu hilo."

Akaiokota kofia yake mezani. "Basi nitamwambia Zuhura amwulize mamako. Yeye hashindwi kujibu."

Hivyo ndivyo swali lilivyofika mlangoni kwako, nawe ukalijibu kwa sababu unanipenda. Tangu siku hiyo niliacha kumwakilisha yeyote kati yao.

Jumanne iliyofuata wazee wa baraza la ardhi walikaa, nami nikaitwa kuleta mkataba tu. Mzee Nzioka aliposimama, nilidhani atakana kwamba aliiuza ile kona. Kumbe alisimama kunisifu.

"Huyu kijana ni wakili ya kweli," aliwaambia. "Hiyo maneno ya kaburi nilimwambia siku ile ile tuliweka kidole, na akafunga mdomo mpaka leo. Mwingine angekuwa ameiuza kabla ya jioni."

Watu wakacheka kwa furaha. Mwenyekiti akasema, "Na bado hajaoa? Wenye wasichana, mmesikia." Wakacheka tena.

Ami Twahir aliomba ruhusa, akainuka taratibu. "Wazee, siku ya kuweka kidole mimi nilikuwa nje ya mlango wa ofisi yake. Nilikuwa namngoja mwanangu tukale. Na alikula vizuri." Akaketi. Hakuna aliyecheka, na mimi sikupata mahali pa kuyaweka macho yangu.

Shauri halijakwisha. Msingi uko wazi na mvua inaingia. Wenzangu wawili mahakamani wameniambia nijipongeze, kwamba nimetunza siri ya mteja. Nimelipima hilo kwa haki, na haliniokoi. Kosa langu halikuwa kunyamaza, wala kusema kusingekuwa tiba. Kosa lilikuwa kuketi kiti kimoja kwa ajili ya wawili; baada ya hapo kila nilichotunza kwa huyu nilikiiba kwa yule. Hata Mzee Nzioka alipokwisha kusema, ningeweza kuwaambia wote wawili kwamba naacha kazi yao, bila kutaja sababu. Sikufanya hivyo kwa kuwa pilau ilikuwa imepakuliwa na nilichelea kuulizwa. Nimekiandikia chama chetu cha mawakili na kujishitaki mwenyewe. Wakinisimamisha, nitakuja nyumbani kwa muda. Usishtuke ukiniona na sanduku.

Unanishauri nimwombe Ami radhi nimwambie sikujua, yaishe. Radhi nimeomba. Nilikwenda dukani kwake, akanipa kiti, akaendelea kupima mbao. Lakini hilo la pili haliwezekani, na zaidi ya hapo, Mama, kiapo chako bado kimesimama kule. Bi Zuhura keshapata habari za baraza kutoka kwa kakake. Anapokupita kimya, nadhani anamwepa mtu aliyemwapia uongo, naye hajui kwamba hukujua. Mimi naweza kuishi na ninachostahili. Siwezi kukuacha ukibeba changu.

Kwa hiyo nakuomba uende kwake mwenyewe, kwa mguu huo huo mbaya, usimtume mtoto. Usinitetee. Umwambie: niliapa bila kujua, na mwanangu alijua. Halafu usiongeze "lakini".

Nisalimie dada yangu mkubwa, na shemeji wa cherehani. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani mwambie ile aya ya amana aliyonichapia kwa kuisoma haraka, sasa naisoma polepole. Mdogo wangu wa mwisho mwambie akitaka kusomea sheria tuzungumze kwanza.

Bi Zuhura naye nampa salamu nyingi za heshima, ila usizitoe mpaka uwe umekwisha kumwambia.

Mwanao akuombaye radhi,
Hamisi