Risasi Zangu Zinang'aa, Mashine Haizioni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama ni lazima ucheke basi cheka ukishafika mwisho, maana barua hii naiandika nimesimama, na hata supu siku hizi naila nimesimama, kiti kinanichoma. Nina miaka sabini na moja. Risasi zangu nazijaza mwenyewe miaka arobaini sasa, kule chini kwenye chumba cha viazi, ganda, fataki, baruti, kichwa, moja moja, na kila kichwa cha risasi nakisugua kwa kile kitambaa cha marehemu mke wangu Ludmila cha kung'arishia vijiko vya fedha, mpaka naiona pua yangu humo, na pua yangu si ndogo.

Sasa mwaka jana kuna mtu, simtaji, ingawa ni daktari wa meno, alimpiga nguruwe mwitu kwa risasi dhaifu aliyoijaza mwenyewe, nguruwe akakimbia na jeraha lake mpaka uwanja wa mpira katikati ya mechi, basi chama chetu cha wawindaji kikaamua kwamba kila anayejaza mwenyewe apige kumi mbele ya kipima kasi, zisomeke zote kumi, katibu wetu Zdislava aandike, la sivyo akanunue za dukani au abaki nyumbani siku ya msako mkubwa wa Novemba.

Kipima kasi ni kisanduku chenye macho mawili, unakisimamisha mbele yako kwenye miguu mitatu, risasi inapita juu ya jicho la kwanza, kisha la pili, nacho kinakwambia imekwenda mita ngapi kwa sekunde. Mimi nilikiweka hatua moja tu mbele ya mtutu, risasi isipate nafasi ya kupotea. Juu kina vipaa viwili vyeupe vya plastiki; kimoja nilikivunja kwa risasi ya kwanza, cha pili nikakivua mwenyewe ili pawe na usawa. Ilikuwa Jumamosi, baada ya supu ya kabichi, jua la saa sita, anga halina hata wingu. Nikapiga kumi. Zikasomeka tatu.

"Babu," akasema Zdislava, kalamu sikioni, "hizo saba zimepitia mjini Brno nini?"

"Andika tatu, unyamaze."

"Labda zimechoka njiani. Mashine imesinzia ikizisubiri."

Mkwe wangu Radim akapiga zake za dukani, zile zilizofifia kama sufuria kuukuu, zikasomeka nane. Basi nikajiambia, kumbe zangu ni dhaifu, mashine haizihisi. Nikashuka chumba cha viazi nikaongeza baruti, kidogo tu. Jumamosi ya pili zikasomeka mbili, nikaongeza tena, na hapo ndipo Radim aliponijia na chupa ya pombe ya plamu mkononi, akasema, "Baba, zako zinapiga kama radi! Nijazie ishirini za msako." Mshauri, huyu mtu ana miaka kumi na moja na binti yangu Jitka, na miaka yote kumi na moja chumba changu anakiita jiko la mganga, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuniomba kitu. Nilimjazia ishirini. Nilizisugua mara mbili.

Jumamosi ya tatu nikapiga kwa kipimo kilekile cha za Radim. Ikasomeka moja, halafu kwenye ya nne bunduki ikagoma kufunguka, nikaligonga komeo kwa kipande cha kuni, ganda likatoka na fataki yake imekuwa bapa kama kunguni aliyekanyagwa. Maana yake naijua, baruti imezidi, nimeshamwona mtu aliyepoteza jicho hivyo. Nikawaambia mkono unaniuma, nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijakaa. Bunduki ya Radim ni ya babu yake, kuukuu kuliko mimi. Msako ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nikimwambia, nitaitwa mganga mpaka kaburini, nisipomwambia, wewe mwenyewe unajua. Nifanyeje, na kwa nini hiyo mashine inasoma kila mtu isipokuwa mimi? Jina langu lifiche, nakuomba.

Mzee Asiyesomeka, kando ya mto Bečva

*

Mzee mwenzangu, umeniuliza maswali mawili na umeyapanga miguu juu kichwa chini. Mashine inaweza kungoja. Macho ya Radim hayawezi.

Ndiyo maana na mimi sikungoja gazeti. Barua yako ilifika Jumatatu, namba yako ya simu umeiandika nyuma ya bahasha, nikapiga.

"Nani?" ukaguta.

"Yule uliyemwomba ushauri. Zile ishirini zirudi leo."

"Nitamwambia nataka kuzisugua tena."

"Mwambie ukweli, mzee!"

"Ukweli nitamwambia baada ya msako, akiwa amekunywa."

Jioni ukanipigia, unatetea kama kuku aliyetaga: umezipata kumi na nane. Na mbili je? Ziko kwenye koti fulani, Radim atazitafuta akipata nafasi. Bila shaka! Mtu akiambiwa risasi zinarudi kusuguliwa, anatoa zilizo karibu na mkono. Akiambiwa zinaweza kumtoa jicho, anapindua nyumba nzima mpaka mifuko ya suti ya harusi. Uongo wako ulikuwa na thamani ya risasi kumi na nane. Mbili zilizobaki zinataka ukweli.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Kungoja miaka kumi na moja ili mkwe akuombe kitu, halafu kitu chenyewe ndicho hiki, inauma. Lakini aliyekuomba ni huyohuyo atakayeweka shavu lake kwenye ile bunduki.

Sasa mashine, maana hata mimi niliacha shule kabla shule haijaniacha, na hili nililijua kwa kupoteza vuli nzima. Kile kisanduku hakihisi nguvu. Baruti yako hakiijui. Macho yake yanatazama juu mbinguni siku nzima kama padri wetu, tofauti ni kwamba yenyewe yanaona kitu: kivuli kinachopita. Basi, kivuli tu. Wewe umesugua kichwa cha risasi mpaka kikawa kioo, ukakirusha saa sita ya jua kali, mwanga ukagonga ardhi ukarudi tumboni mwake, kikang'aa sawa na anga. Kivuli kitoke wapi? Za Radim zilisomeka kwa sababu ni chafu. Wewe ulikuwa unafichwa na usafi, na kila ulipofichwa ukaongeza moto. Kipima kasi kisiposoma, tengeneza mazingira ya kipima kasi. Baruti iache ilipo.

Vipaa vyeupe, kile ulichokivunja na kile ulichokivua kwa usawa wako wa kipumbavu, ndivyo vinavyotuliza mwanga. Nunua vingine, au tandaza shuka jeupe juu ya fito nne. Mimi nilichukua la mke wangu, nikasamehewa baada ya Pasaka. Kisanduku kisogeze hatua nne au tano kutoka mtutuni, kishindo kisikivuruge. Risasi ipite juu ya macho kiasi cha shubiri moja, katikati, na kisanduku kisiiname. Betri mpya, tena mpya ya dukani, si ile uliyoipasha moto juu ya jiko, nakujua. Kisha ile kalamu nyeusi nene unayoandikia maboksi ya viazi, paka nayo kila kichwa cha risasi mpaka kiwe kama kaa la mawe. Baruti irudi kwenye kipimo cha kitabu, kile cha miaka yako arobaini. Zile kumi na nane usizipige hata kwa majaribio: zifungue moja moja, umwage baruti.

Umeniomba nifiche jina lako, nami nimelificha. La Radim hukuniomba nilifiche. Wala la Jitka, wala la Zdislava, ambaye nasikia hulisoma gazeti hili kwa sauti kwenye duka la mikate. Kwako gazeti linafika Alhamisi saa mbili asubuhi. Kwa Radim, ng'ambo ya mto, linafika saa tano. Najua, tarishi ni shemeji yangu. Una saa tatu.

Kwa hiyo liweke chini sasa hivi, vaa viatu, uende. Sema hivi: "Niliongeza baruti kwa kiburi, zinaweza kukuumiza, nataka zote." Atakucheka. Atakuita mganga mbele ya marehemu mkeo kwenye picha ukutani. Mwache acheke, atakuwa anacheka akiwa na macho yake mawili.

Usiondoke kwake mpaka zile mbili ziwe mkononi mwako, hesabu itimie ishirini. Na kitambaa cha Ludmila kirudi kwenye vijiko.