Mwanamke Asiye na Miguu

Kijijini, 20 Julai 1958

Mdogo wangu Kinjiro,

Mimi mzima. Wewe kama u mgonjwa, sitashangaa.

Mchoro uliowatumia watawa umetundikwa hekaluni, na kijiji kizima kimeshapita kuutazama. Mzuka wa mwanamke asiye na miguu, kama mizuka yote ichorwavyo, nywele zimemwagika usoni, kasimama nje ya chandarua cha mtu aliyelala, ameshika bakuli tupu. Muuza tofu kaniuliza mbele za watu, "Kumbe mama yenu alikuwa halishwi?" Miaka sita nilimlisha kwa kijiko na kumgeuza kitandani, wewe uko Kyoto unafuga nywele. Leo mimi ndiye niliyemuua mama kwa njaa.

Na hata kumvika hukujua. Kimono umeikunja kushoto juu ya kulia, kama ya mtu anayekwenda sokoni. Ya maiti hukunjwa kulia juu, mtoto mdogo anajua. Ungekuja mazikoni ungeona. Waambie watawa wauteremshe mchoro kabla ya Obon, sikukuu ya wafu kurudi makwao, mama asirudi nyumbani akakuta matusi.

Dada yako,
Shizue

Kyoto, 29 Julai 1958

Dada Shizue,

Nimezipokea salamu zako na miiba yake. Afya yangu ni hiyo, silali.

Kimono sikukosea. Nimeikunja kama ya mtu hai kwa sababu aliyeivaa yu hai. Unajua kama mimi kwamba chuki ikizidi, roho humtoka mtu akiwa usingizini ikaenda kumkaba anayemchukia. Huyo si mama. Ni wewe. Tangu mazishi unakuja kusimama nje ya chandarua changu, na bakuli unanionyesha mimi, nisiyemlisha mama hata siku moja. Tazama kidevu, kovu lako lipo.

Nimemwandikia mtawa awaeleze watu, jina lako lisafike. Nami nakuomba uache kuja. Naogopa kulala, dada.

Mdogo wako,
Kinjiro

Kijijini, 8 Agosti 1958

Kinjiro,

Salamu tuziache.

Nimekwenda kutazama. Kidevu ni changu. Mtawa kawaeleza watu, na muuza tofu sasa ananipimia upesi, hanitazami machoni. Hayo nimeyapenda.

Usiku nilikuwa nalala nikikulaani mpaka usingizi unichukue, nikidhani napoteza pumzi yangu bure. Sikujua kama nafika.

Mchoro uache ulipo. Na Obon usihangaike kupanda treni kuja huku. Nitakuja mimi.

Dada yako,
Shizue