Kidole Kilichobaki Kimekunjwa

Rafiki yangu Yohana,

Cheti kimefika. Karani wa boma alinikabidhi jana asubuhi hapa Njombe, kina muhuri na jina langu kamili: mkalimani wa Kibena, Kiswahili na Kiingereza. Nilitoka nje nikalia kwenye baridi ile, waliopita wakadhani nimefiwa. Hawakukosea.

Tangu kichomi kilipokuchukua, mengi yamebadilika. Sasa hakuna anayesimama barazani kutafsiri bila cheti. Benchi letu pale Makambako limepakwa rangi, limekuwa baya kuliko zamani. Shemeji Rebeka ni mzima. Mahindi yenu tumeyavuna pamoja, na bado anakitandika kitanda upande wako.

Unakumbuka ulivyokuwa unatafsiri? Kila jambo alilosema mtu ulikunja kidole, kisha ukitafsiri ulivifungua kimoja kimoja. Nilikuwa nakucheka. "Yohana, unahesabu kuku?" Nawe ukanijibu, "Wewe Elia unakata maneno ya watu kama fundi cherehani mwenye haraka." Tulicheka sote. Kumbe ulikuwa unanionya, nami nikajifanya sielewi.

Ikaja siku ya kesi ya yule mama mjane wa Makambako, aliyegombania na shemeji yake mianzi ya kugema pombe ya ulanzi. Alianzia mbali, kama watu wetu wanavyoanza: mama yake aliipandaje mianzi ile, nani alimsaidia kuchimba, nani alimzika. Bwana Shauri, Mzungu aliyekuwa akiamua kesi, akatazama saa. Nami, kwa kutaka kumpendeza, nikafupisha: "Anasema alimpa shemeji yake mianzi." Kumbe katikati ya mzunguko wote ule alikuwa amesema alimruhusu kugema kwa msimu mmoja wa mvua tu. Ukasimama mbele ya watu wote. "Bwana, mwenzangu ameacha neno." Mama akabaki na mianzi yake. Mimi nikabaki na aibu yangu.

Nilikununia, Yohana. Miezi mitano mizima. Ukiniambia "Kamwene" njiani nilipita kama kiziwi, mimi niliyelelewa kuitikia salamu hata ya mtu nisiyempenda. Tulipotangaziwa mtihani wa cheti ulikuja mpaka mlangoni kwangu na daftari lako kwapani, ili tusome pamoja. Nilikuona dirishani. Nikamtuma mke wangu aseme sipo. Ulisimama kidogo kwenye ukungu, ukaondoka taratibu. Wiki mbili baadaye tukakuzika.

Siku ya mtihani waliniletea mzee mmoja aeleze habari ya ng'ombe aliyepotea. Alizunguka kama yule mama. Mikono yangu ilikuwa nyuma, nikashtukia nakunja vidole! Nikatafsiri mpaka mwisho, wasimamizi wakaridhika, mmoja akaanza kufunika kalamu yake. Lakini kidole kimoja kilikuwa bado kimekunjwa. Hakuna aliyejua ila mimi. Ningeweza kuliacha hivyo nikajiendea zangu. Nikasema yale niliyopaswa kuyasema siku ile barazani: "Nimekosea. Naomba nirudie." Nikaeleza kwamba ng'ombe yule hakuwa wa mzee, alikuwa amemwazima kwa jirani. Nilijua nimeanguka mtihani. Msimamizi mkuu akaniuliza nani amenifundisha kazi hii. Nikataja jina lako, kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

Basi wamenipa cheti, na wameniomba niwafundishe wakalimani wapya. Nakuahidi: kabla ya kanuni yoyote ya boma watajifunza vidole vyako, na watajua ni vya nani. Na shemeji, maadamu nina nguvu, hatalima peke yake.

Nilitamani cheti hiki kiwe na majina mawili. Nimekiweka ndani ya daftari lako. Rebeka alinipa nilitunze. Kwenye ukurasa wa kwanza uliandika, "Masomo ya mimi na Elia."

Lala salama, rafiki yangu. Ila kabla sijafunga barua nimeutazama mkono wangu, na kidole kimoja bado kimekunjwa. Wewe umesimama mlangoni na daftari, nami nimesema sipo.

Nimekosea. Naomba nirudie.

Kamwene, Yohana. Nipo. Pita ndani.

Elia