Jiwe la Kukandia

Jumatano, Machi 1970

Sijui kesho nirudi kwa Mwanaidi au nijifanye naumwa.

Leo ana siku ya tisa tangu ajifungue, na nimeahidi kumkanda mpaka arubaini. Nililitoa jiwe motoni, nikalifunga kitambaa, nikaliweka kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu kama alivyonifunza bibi. Nikaona vuguvugu tu. Nilipomgusa nalo kiunoni, akaruka.

"Bi Zuhura, unaniunguza."

Ngozi ilikuwa nyekundu.

Jiwe lenyewe jeusi, si la Unguja. Mawe ya kwetu ni matumbawe, ukiyatia motoni yanapasuka. Bibi alilipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, na hakuna aliyejua limetoka nchi gani. Limekanda wazazi wangapi, halijaunguza mtu.

Mama mkwe wa Mwanaidi akasema, "Jiwe limezeeka hilo, tafuta jingine."

Nikamwitikia, haya, nitatafuta. Nilimwacha alaumu jiwe. Hilo ndilo linaloniudhi.

Maana nilipofika nyumbani nilimimina chai iliyokuwa ikichemka kwenye kikombe cha bati, nikakiegemeza palepale kifundoni. Sikuhisi kitu.

Mkono wa kushoto bado sijaujaribu.