Kwa Nini Simu Yangu Haikujibiwa Alhamisi

S.L.P. 14,
Zelena,
Saskatchewan.

Jumamosi, 19 Novemba 1988

Mpendwa Kaka Nestor,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye theluji. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba wifi Lesia amepona kile kikohozi kilichomnyima kuimba kanisani. Marko je, bado anaikimbia supu ya bitiruti? Mwambie shangazi yake ndiye aliyelima hizo bitiruti na anamsubiri. Mimi mzima kabisa. Kisima hakijaganda, na jiko ulilosema halitapita msimu huu linawaka mpaka nafungua dirisha.

Najua ulipiga simu Alhamisi asubuhi na hukujibiwa. Usidhani nilianguka bafuni. Nilikuwa nimekaa, nimevaa vizuri, nasikiliza inavyoita. Nina shajara yangu hapa mezani, kwa hiyo nitakueleza jambo moja baada ya jingine.

Makubaliano yetu ya kiangazi nayakumbuka. Nilisema maktaba ya Zelena ikifungwa nitauza nyumba, nije Toronto nikae kwenye kile chumba chenu cha chini. Nilisema kwa mdomo wangu na siruki. Lakini neno nililosema ni "ikifungwa".

Mwezi wa tisa alikuja Bwana Crandall, mkubwa wa maktaba za mkoa wetu. Alisema tawi lolote litakaloshindwa kuzungumza na kompyuta kubwa ya mjini kwa njia ya simu litafungwa mwaka huu, na vitabu vyake vitachukuliwa. Akatuachia kompyuta, waya mnene wenye pini nyingi, na modemu, yaani kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa miluzi ili yapite kwenye waya wa simu. Kila Alhamisi saa nne asubuhi kompyuta ya mjini ingetupigia mara moja tu, ichukue orodha ya vitabu vilivyoazimwa.

Kisha akauliza simu ya maktaba iko kwenye laini gani. Nikamwambia ni ile ile moja tunayochangia na nyumba zetu nne. Akacheka, kaka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mama, hapa usijisumbue," akasema. "Anza tu kupakia vitabu."

Akashusha maboksi matupu kutoka kwenye gari lake na kuyapanga karibu na mlango. Nilimshukuru. Maboksi yale yameniwashia jiko mwezi mzima wa kumi.

Sasa nikuchekeshe kwa ujinga wangu. Kitabu cha maelekezo kilisema modemu iamriwe kupokea simu kwenye mlio wa kwanza. Nikaiamuru, nikaenda kunywa chai nikijiona fundi. Wewe uliyekulia hapa umeshaona kosa. Aliyeandika kitabu kile alidhani kila mtu duniani ana laini yake peke yake. Hapa mlio wa nyumba moja unalia nyumba zote: mirefu miwili na mfupi mmoja ni maktaba, mrefu mmoja na mifupi miwili ni kwangu, mifupi mitatu ni kwa Bibi Paraska, na kadhalika. Modemu haikufundishwa adabu hiyo. Ikaanza kupokea simu za kila mtu.

Halyna, binti wa Bibi Paraska, alimpigia mama yake kutoka Regina. Badala ya sauti ya mama akasikia mlio wa kitu kinachokabwa koo. Alipiga tena, akasikia vile vile. Akawapigia polisi. Askari wawili wakafika kwa Bibi Paraska na machela, wakamkuta anasukuma unga wa varenyky, yale maandazi yetu ya kuchemsha.

Alikuja maktaba hajavua hata aproni.

"Yaryna! Mashine yako imenizika mzima mzima!"

"Samahani, Bibi."

"Samahani yako itamrudisha Halyna kazini? Yuko njiani na nguo nyeusi!"

Nikaiondolea modemu ile amri siku hiyo hiyo. Tangu hapo napokea mwenyewe. Nakaa, nasikiliza mlio, nikisikia mirefu miwili na mfupi mmoja naandika amri ya kupokea, na modemu inafanya kazi yake. Kitabu hakisemi hivyo, lakini kitabu hakiishi Zelena.

Tatizo la pili lilikuwa maandishi. Tuliunganishwa, lakini kilichotokea kwenye kioo kilifanana na mayai yetu ya Pasaka, mapambo matupu bila neno hata moja. Fundi wa mjini, kijana mpole anayeitwa Brent, alinieleza kwamba kompyuta mbili zikizungumza lazima zikubaliane mambo yote: kasi, vipande vya kila herufi viwe saba au nane, na kama kuna alama ya kuhakiki mwishoni. Nilikuwa nimeweka nane bila alama, wao saba na alama. Shida ni kwamba laini ni moja. Brent akiniambia jambo, inabidi tukate simu ili nijaribu, halafu anipigie tena aniulize nimeona nini. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima, kama watu wawili wanaopokezana koti moja la kutokea nje. Mchana nikaona kwenye kioo: ZELENA. Kaka, nilisimama peke yangu nikapiga makofi.

Likabaki la tatu, gumu kuliko yote. Mtu yeyote kwenye laini akiinua simu, modemu zinapoteana na mazungumzo yanakatika. Na sisi wote tunajua nani huinua.

Nikaenda kwake na bakuli la jamu ya zambarau za Saskatoon.

"Bibi, ukiinua simu Alhamisi, maktaba inakatika."

"Nani kasema mimi nainua?"

"Ilipokatika niliinua simu ya maktaba, nikasikia redio inapiga polka."

"Redio ile ina kelele sana," akasema.

"Bibi Paraska."

"Haya, nainua! Nisipoinua, nani angejua Hryhor ameteleza kwenye barafu akavunja nyonga? Wewe? Ulikuwa unasoma! Nimelinda laini hii tangu mume wangu yuko hai, leo niwe kiziwi kwa ajili ya sanduku la miluzi?"

Na ni kweli. Mzee Hryhor yuko hai kwa sababu Bibi Paraska ni mdaku. Nikamwambia tu kwamba maktaba ikifungwa riwaya zake za mapenzi zitakwenda mjini na mimi nitakwenda Toronto. Akaniuliza ni lipi kati ya hayo mawili limtishe. Nikatoka. Jamu alibaki nayo.

Sasa tufike Alhamisi. Bwana Crandall alikuja kushuhudia jaribio la mwisho. Alikuja na maboksi mengine, kaka, mapya, yamefungwa kamba! Nilimwonyesha pa kuyaweka.

Muda mfupi kabla ya saa nne mlango ukafunguliwa. Akaingia Fedir Lysak na mkewe Anna, wamebeba sufuria ya holubtsi za kabichi na wali, imefunikwa taulo. Nyuma yao Mzee Hryhor na fimbo zake mbili. Nyumba zao wamefunga, simu zao hazina mtu wa kuziinua. Hawakuniambia kama wangekuja. Wa mwisho akawa Bibi Paraska, koti limefura mbele kama ana mimba. Akalifungua mbele ya Bwana Crandall, akaweka simu yake mezani, waya unaning'inia.

"Nimeing'oa ukutani kwa kisu cha siagi," akasema. "Leo ikikatika, mtafute mwingine wa kumsingizia."

Tukakaa. Zikabaki dakika chache tu. Nikaweka vidole kwenye kompyuta.

Simu ikaita. Mrefu mmoja, mifupi miwili.

Wote wakageuka kunitazama. "Yaryna, hiyo ni yako," Anna akanong'ona, utadhani simu ingemsikia.

Nilijua ni yangu, na nilijua ni nani. Uliandika kwamba umempata mtu wa kununua nyumba, na kwamba ungepiga Alhamisi asubuhi nikupe jibu. Hakuna mwingine anayenipigia asubuhi ya Alhamisi. Na kama ningeinua, hata kwa neno moja, kompyuta ya mjini ingekuta laini ina watu, na haipigi mara ya pili.

Ikaita. Ikaita tena. Wewe hukati tamaa upesi, kaka, nakujua tangu utoto.

"Hutajibu?" Bwana Crandall akauliza.

"Ni kaka yangu," nikasema. "Nitamwandikia."

Ikanyamaza. Fedir alishika kifuniko cha sufuria kisigonge. Kisha, saa nne kamili, ikaja: mirefu miwili, mfupi mmoja. Nikaandika amri. Miluzi ikapigana, ikatulia, na kwenye kioo likatokea jina letu, halafu majina ya vitabu yakaanza kwenda, mstari kwa mstari, kila kitabu na aliyekiazima. Bibi Paraska alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma yote. Alipoona jina la Fedir alipiga ukelele: "Fedir! Kumbe na wewe unasoma za mapenzi!"

Orodha ikaisha. Kompyuta ya mjini ikaandika kwamba imepokea yote.

Bwana Crandall alivua miwani. Ni mtu wa haki, sitamsingizia. Alisema leo tumeweza na ataandika alichokiona. Lakini akauliza: je, nitawakusanya majirani hapa kila Alhamisi?

"Kwani nani kakusanywa?" Bibi Paraska akajibu. "Tumekuja wenyewe. Na Alhamisi ijayo napika mimi, kabichi ya Anna haina chumvi."

Bwana Crandall alikula holubtsi sita za hiyo kabichi isiyo na chumvi. Ijumaa alipiga simu. Tawi linabaki. Maboksi ameyasahau hapa, na baridi bado ni ndefu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Kaka Nestor: siuzi na sihami. Mwambie yule mnunuzi atafute nyumba nyingine. Najua hukutaka ila mema, na kila unaponipigia unaniwazia mpweke kwenye nyumba tupu. Alhamisi ulipopiga nilikuwa na watu wanne waliofunga nyumba zao kwa ajili yangu, na mmoja amebaki bila simu mpaka Fedir airudishe ukutani. Kile chumba cha chini mpe wifi aweke cherehani yake.

Msalimie sana wifi Lesia, Marko, na mama mkwe wako kama bado ananikumbuka. Fedir na Anna wanakusalimu. Mzee Hryhor anasema bado una shoka lake. Bibi Paraska anakusalimu pia, naye anakuomba upige Jumapili ukishapata barua hii, kwa kuwa simu yake itakuwa imepona na angependa kusikia utakavyolipokea jibu langu.

Mungu awape joto nyumbani na amani mezani.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nikiwa hapa hapa uliponiacha,

Yaryna